Mjomba wa Dhahabu Yuko Donholm

Mama mpendwa,

Habari za Bungoma? Huku Donholm kuna manyunyu na baridi, lakini nimeshiba chapati.

Nimempata Mjomba Wafula, ndugu yako aliyeondoka bila kuaga. Yeye na mkewe wanauza saruji na misumari. Alichimba dhahabu Turkana miaka mingi, kisha akafungua duka la kuwauzia wachimbaji sururu na maji. Shimo lilipomfukia rafiki yake, aliuza kila kitu akahamia huku Nairobi.

“Dada bado amenikasirikia?” aliniuliza.

“Kila Krismasi anakutengea chakula,” nikamwambia.

Alimgeukia mkewe. “Ijumaa tufunge duka. Twende nyumbani.”

Anika magodoro mapema, Mama. Nakukumbatia kwa nguvu.

Mwanao,
Nekesa