Kifuniko chenye Kufuli

Jumanne, 4 Machi

Niwie radhi, daftari langu. Tangu tumzike mke wangu sijakufungua. Sikuwa na neno. Leo ninalo, na ni chungu.

Lori limezima tena, kwenye mlima wa kiwanda cha mbao. Shemeji yangu—mdogo wake marehemu, ndiye dereva—alipiga simu: limekataa katakata kuwaka. Nikapanda pikipiki na vumbi lote lile. Kwanza nikafungua kufuli ya tangi, nikachomeka fimbo kupima dizeli. Simwamini, ndiyo maana nilinunua kifuniko kipya chenye kufuli, na ufunguo ninao mimi tu. Dizeli tele. "Haya, piga stata." Likawaka papo hapo!

Wapakiaji wakacheka. Naye akawaambia, kwa sauti—lori na mwenye lori, wote wa kusukumwa tu.

Mtenda husahau. Mtendewa hasahau.

Ijumaa, 7 Machi

Limezima leo pia. Nimefika, nimepima, limewaka. Kila nikifika linawaka!

Fundi amebadilisha chujio la dizeli, amekaza waya za betri, ametoa hewa kwenye mabomba. Anasema hili halina ugonjwa, linadeka. Nikamwambia lori halijui kudeka. Anayejua ni dereva. Analizima makusudi ili alale kivulini, kisha ananiita nichekwe. Fundi akajikuna kichwa kwa spana: "Mzee, ya shemeji na shemeji mimi simo."

Jumapili, 9 Machi

Nimemwita dada mkubwa wa marehemu na shemeji. Kikao ni Jumamosi. Shemeji arudishe ufunguo wa lori, ahame chumba cha uani, yeye na mkewe na watoto. Kuanzia leo haligusi.

Binti yangu: "Baba, mjomba aende wapi na watoto wadogo vile?"

"Aende kwa mwenye lori asiyesukumwa."

Akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza kula.

Jumatano, 12 Machi

Leo fundi ameendesha, mimi kando yake. Nilitaka shahidi kwamba bila mtu yule lori halizimi.

Limezima. Mlima uleule.

Fundi akapiga stata mpaka ikakohoa. Akaingia chini ya lori. Mimi, kwa mazoea, nikachukua fimbo, nikafungua kufuli ya tangi—

Fyooo! Tangi likavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyeondolewa mto usoni. Fundi hakusikia. Nikamwambia ajaribu. Likawaka.

Nikafunga tena, tukaondoka. Mbele kidogo likazima. Nikafungua. Fyooo. Likawaka.

Kifuniko cha zamani kilikuwa na kitundu. Nilidhani ni kutu, nikakitupa. Hiki kipya kinabana mno: dizeli inatoka, hewa haipati pa kuingia kuchukua nafasi yake, injini inakosa cha kunywa. Na kila nilipokwenda kumpima mwizi, nilikuwa nalifungulia pumzi lori nililolikaba mwenyewe.

"Umeona, mzee? Linakudekea wewe tu."

Nikaitikia: "Ndiyo."

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji alikuja barazani, kofia mkononi. "Shemeji, naapa kwa kaburi la dada, lori lako sijalifanya kitu."

Kile kicheko kiko wapi? Siku zote hizi nimengoja kumwona hivi. Tamu! Nikamwambia ayaseme kikaoni.

Alipotoka, nikaona mkewe anafunga godoro kwa kamba. Binti yangu anamsaidia. Hakuna aliyenitazama.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi nimekwenda kwenye lundo la takataka nyuma ya choo. Nimefukua kwa jembe mpaka nimekipata. Kifuniko cha zamani kiko hapa mezani. Nikikiinua dirishani, kitundu kinapitisha mwanga.

Hakuna ajuaye. Nikikirudisha kimyakimya, lori litakwenda vizuri kwa dereva mpya, na wote watasema: kumbe alikuwa yeye! Ushindi mzima.

Alinicheka. Hilo kosa ni lake, na bado linaniwasha. Lakini kikao hakikuitwa kwa sababu ya kicheko.

Dada yao mkubwa amefika. Namsikia sebuleni: "Shemeji yuko wapi? Tumekaa sote." Binti yangu anabisha mlango. Kifuniko kinaingia mfukoni bila shida. Mkononi kinaonekana na kila mtu.

Nikishaamua, mfukoni au mkononi, nitakuandikia.