Sinia la Unga Mvuani

Uingereza, 8 Septemba 1957

Kwa baba yangu Zengo, Kasoli.

Mwangaluka, baba. Wewe na mama, mayu wangu, hamjambo? Mguu wake unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku imeninyima hamu ya kuoga. Barua zangu nne hukuzijibu. Hii ya tano ina ombi, labda kwa ombi utanijibu.

Likizo hii ya chuo nimepata kazi kwenye kituo cha kupima mvua. Tuna mashine inaitwa rada, imeelekezwa juu moja kwa moja. Inarusha mawimbi yasiyoonekana, yanagonga matone na kurudi, nasi tunajua matone yanashuka kwa mwendo gani. Tone kubwa hushuka haraka, dogo polepole, kwa hiyo mwendo unatuambia ukubwa. Tatizo ni hewa. Hewa ikiwa inapanda huyashikilia matone, na kubwa likaonekana dogo. Ndiyo maana tunaweka pia sinia la unga nje. Kila tone linafanya donge la kadiri ya ukubwa wake, nasi tunayakausha na kuyapanga.

Mkubwa wetu amezoea mvua za huku, za rasharasha. Nimemwambia kwetu mvua ikipiga bati watu hawasikilizani. Akasema lete ushahidi. Naomba, baba, mvua zikianza uchekeche unga, uusawazishe kwenye sinia, uuweke mvuani kwa kuhesabu mpaka tano tu, kisha uufunike. Ukikauka, uchekeche tena, unitumie madonge.

Najua utauliza kwa nini nasoma mvua. Siku ile kwa shangazi, dada Kwandu aliniuliza kama avuke Simiyu arudi nyumbani. Nikatazama juu, nikamwambia mbingu safi, vuka. Mto ukamchukua. Tangu hapo siyaamini macho yangu.

Mwanao,
Luhaga


Kasoli, 20 Oktoba 1957

Mwanangu Luhaga,

Salamu zimefika. Sisi wazima. Ng'ombe wawili wamekufa kwa ndigana, waliobaki wanakula. Mguu wa mayu wako ni vilevile.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikadhani Wazungu wamekuchezea akili. Mayu wako anapiga magoti kwenye jiwe kusaga unga, wewe unataka tuutoe unyeshewe. Mahindi ya mwaka huu si mengi. Chakula hakichezewi.

Na habari ya Kwandu usiniandikie tena.

Baba yako,
Zengo


Kasoli, 14 Desemba 1957

Mwanangu,

Mwadila. Mayu wako anakusalimu sana, mguu umepata nafuu. Hukuandika tena, na hilo ndilo lililonisumbua. Ungenibembeleza ningekataa vizuri zaidi.

Juzi alasiri mvua kubwa ya kwanza ilikuja kutoka upande wa ziwani. Nikachukua sinia, nikatoka uani, nikaanza kuhesabu. Nilipofika tatu mayu wako akachungulia. Akamwona mzee mzima amesimama mvuani na unga mweupe mkononi, akadhani namtambikia Kwandu. Mimi, mtu wa misa kila Jumapili. Akaja akapiga magoti mbele yangu, akamwita Kwandu kwa jina. Miaka mitano jina hilo halijatajwa uani kwangu, maana nilikataza. Jirani yetu Shida akasikia, akaja na mkewe Milembe, wakakaa nasi kwenye matope.

Ningeanzaje kuwaambia kwamba ni mambo ya rada? Niliweka sinia chini nikalia nao. Unga ukawa uji.

Jana ilinyesha tena, nikarudia, nikahesabu mpaka tano kama ulivyoagiza. Madonge yamo kwenye kopo la majani ya chai. Mayu wako ameyachambua kwa vidole: makubwa, ya kati, madogo, kila kundi na kitambaa chake. Mengine ni makubwa kama choroko.

Sasa nikuambie jambo, kwa sababu tangu juzi sipati raha. Siku ile mbingu yetu ilikuwa safi kweli. Hukumdanganya dada yako. Lakini mimi nilikuwa kwenye pamba, nikasikia ngurumo mbali, upande wa Mwandoya, mto unakotokea. Nimezaliwa karibu na mto ule, najua hujaa kwa mvua ya watu wengine. Nilijua Kwandu anarudi siku hiyo. Nikasema, nimalize tuta hili kwanza, ndipo niende kivukoni nikamzuie. Nikalimaliza. Nilipofika, maji yalikuwa yameshapita naye.

Tuta lile sijalipanda tena, limeota majani. Wewe ulidhani nanyamaza kwa sababu nakulaumu, nami nikakuacha udhani hivyo. Ilikuwa nafuu kwangu. Naona aibu, mwanangu.

Baba yako,
Zengo


Kasoli, 30 Machi 1958

Mwanangu Luhaga,

Hujambo? Sisi hatujambo. Pamba imestawi.

Sikudai jibu la yale mengine. Niambie tu kama kopo lilifika. Mayu wako anauliza kila dereva wa lori anapopita.

Baba yako


Uingereza, 2 Mei 1958

Kwa baba na mayu,

Mwangaluka, wazazi wangu. Nisameheni kwa kukaa kimya. Kopo lilifika Januari, halikupotea donge hata moja.

Baba, nilikukasirikia, sikufichi. Barua yako niliisoma mara moja nikaikunja, na kwa wiki nyingi sikuweza kuishika. Miaka mitano nilijiita muuaji, na wewe ulikuwa na neno la kuniondolea hayo.

Mwezi uliopita nikafungua kopo kwa ajili ya kazi. Mkubwa wetu alitazama madonge yale ya choroko akakaa chini. Akauliza nani ameyachambua, maana kila moja lilikuwa kwenye kundi lake. Nikamwambia mama yangu. Ameandika jina la mayu, Ng'washi, kwenye karatasi ya vipimo.

Wiki hiyohiyo rada ilituonyesha matone madogo, unga ukatuonyesha makubwa. Hewa ilikuwa inapanda. Mashine haikusema uongo, ilikuwa haijui mengine. Nikarudi chumbani nikaisoma barua yako tena, polepole. Nikajiuliza ningefanya nini mimi, nimeshika jembe, zimebaki hatua chache, ngurumo iko mbali. Baba, hata mimi ningelimaliza tuta.

Masomo yanakwisha Agosti. Nitapanda meli, nitakuwa Kasoli kabla ya mvua. Lile tuta usilifyeke, uniachie mimi. Tutalipanda pamoja, na tukisikia ngurumo upande wa Mwandoya, tutaacha majembe palepale.

Mwanenu,
Luhaga