Pedali ya Tatu

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute umekula na umelala. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha, au bado mnabishana? Na zamu za alfajiri umezizoea? Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, nao nimeuzoea kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mjomba yupo. Sauti yake ni ile ile, masikio ndiyo yamepungua, kwa hiyo tunapiga kelele sote.

Ningekupigia simu. Lakini unajua Baba anavyotaka simu yako iwekwe sauti ya juu, nyumba nzima isikie kama matangazo ya mpira, naye akae pembeni akikohoa ili ujue yupo. Ninayokuandikia hayasemeki mbele yake. Barua hii anakuletea mke wa fundi saa, anayesafiri Alhamisi. Isome ukiwa umekaa.

Gari limetoka gereji. Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo unalolisubiri. Unakumbuka giaboksi ilivyokufa kidogo kidogo. Kwanza gari liligoma kurudi nyuma, na Baba akatuficha miaka miwili kwa kuchagua ndugu wa kutembelea kufuatana na ukubwa wa uwanja wa kugeuzia. Shangazi mdogo mpaka leo anadhani alimkosea, kumbe kosa lake ni uchochoro. Kisha hata kwenda mbele kukawa taabu: injini inanguruma, gari limesimama, na harufu ya oili iliyoungua imejaa mpaka jikoni. Marehemu Mama, aliyeliita gari lile mke mwenzake, angesema bibi harusi amezeeka.

Sasa jikaze. Baba hana mguu wa kushoto. Umekatwa chini ya goti, huu ni mwezi wa tatu sasa tangu akatwe.

Ilikuwa kidonda cha kiatu tu, na sukari ikakikataza kupona. Zile wiki tulizokwambia amelazwa kwa homa, haikuwa homa. Alituapisha sote usiambiwe, maana ungeacha kazi ukarudi mbio. Nje ya nyumba pia hakutaka ijulikane. Majirani waliambiwa mzee anaumwa kiuno. Mimi mkubwa wako nikakubali. Nisamehe kwa hilo, kama utaweza.

Ujue pia kwamba alikataa kukatwa. Siku nane alikataa kutia sahihi. Alisema mguu alikuja nao duniani na ataondoka nao. Mjomba alimlilia, daktari akakasirika, hakuna kilichomwingia. Siku ya tisa nikakaa kitandani kwake nikamwambia, Baba, gari lako ni la otomatiki. Mguu wa kushoto una kazi gani mle ndani? Umekaa bure miaka yote kama abiria. Wa kulia unatosha, mafuta na breki. Akacheka, mdogo wangu, akacheka kweli, akaomba kalamu.

Wakati huo huo wewe na yule fundi tunayemwita Taratibu mlikuwa na siri yenu. Najua yote sasa. Najua ulivyohangaika kutafuta giaboksi ya otomatiki ya gari la umri ule ukaikosa kila mahali, na fundi akakwambia ya gia za mkono inaingia, mradi akate kidogo hapa na pale. Ukamwambia fanya, na usimwambie mtu, nataka kumfurahisha mzee. Sikulaumu. Ungejuaje? Na Taratibu naye angejuaje, wakati anaambiwa kiuno?

Anayepaswa kulaumiwa ni mimi, kwa sababu nilifika pale gereji mara mbili. Mara ya pili nililikuta gari limefunikwa turubai. Taratibu akasimama mbele yangu ametandaza mikono na magrisi yake. “Usichungulie, dada. Humu mna zawadi ya mzee.” Nikacheka, nikamwambia akaze mwendo, nikaenda zangu. Ningeinua ncha moja tu ya turubai lile.

Basi Jumanne iliyopita akalileta. Alipiga honi tangu kwenye kona. Baba alikuwa amenyoa ndevu tangu asubuhi, amevaa shati la kola, na kile kiatu kimoja amekipiga rangi mpaka kinang’aa. Akatoka kwa magongo. Taratibu alikuwa ameshashuka, anatabasamu, mara akaiona suruali iliyokunjwa na kubanwa kwa pini. Tabasamu likamfia mdomoni.

Baba hakumwona. Alikuwa ameshaingia, amevuta magongo ndani, amefunga mlango. Mkono wake ulikwenda penye usukani kutafuta ile fimbo ya gia, haukuikuta. Akatazama chini. Akaiona gia mpya imechomoza sakafuni, ina kirungu cheusi. Kisha akatazama miguuni, penye pedali. Nilikuwa nimesimama dirishani, nikakiona kidole chake kikihesabu.

“Hii ya tatu ya nani?” akauliza.

Ilikuwa ya klachi, pedali ya mguu wa kushoto. Taratibu aliketi kwenye ngazi yetu akalia, mtu mzima mwenye wajukuu. Alikuwa akisema sikuambiwa, mzee, sikuambiwa. Baba ndiye aliyembembeleza. Alimwambia kazi ni safi, injini imetulia, asilie. Kisha akaomba asaidiwe kushuka, na tangu siku hiyo hajatoka nje.

Nimeuliza kama linaweza kurudishwa lilivyokuwa. Giaboksi ya zamani imevunjwavunjwa, matumbo yake yamo ndani ya beseni chini ya meza ya Taratibu, na kasha lake lilipasuka wakati wa kuteremshwa. Shafti imefupishwa. Sakafu imetobolewa. Maji yamekwisha kumwagika.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha mguu, wewe ukaficha gia, kila mtu kwa mapenzi yake, na ona tulipofika. Nimekukasirikia, nikajikasirikia mimi, nikamkasirikia hata Mama kwa kufa mapema. Hasira zenyewe zimeisha na mambo yako pale pale.

Maana bado sijamaliza. Kidonda cha pale walipokata hakikauki. Daktari anasema wakate tena, juu ya goti, kabla ya tarehe thelathini, la sivyo sumu itaingia kwenye damu, na hapo hakuna tena cha kukata. Karatasi ya kutia sahihi iko chini ya redio. Baba hagombi safari hii, wala hapigi kelele. Aliniuliza mara moja tu, kwa upole, kama anayeuliza saa:

“Na mara hii utaniahidi nini, binti yangu?”

Nilikwenda jikoni nikaosha sahani zilizokuwa safi.

Kwa hiyo nakuomba, usitume kitu. Usitafute giaboksi nyingine, usimpigie Taratibu. Njoo. Baba hataki ujue. Anasema ukijua utaubeba mzigo huu maisha yako yote. Ni kweli utaubeba. Ninakutwika makusudi, kwa sababu peke yangu nimeshindwa, na kwa sababu tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni hajawahi kukukatalia jambo uso kwa uso.

Mjomba anakusalimu. Shangazi mdogo anauliza lini utaoa, nimemwambia asubiri zamu yake. Binti yangu anakusalimu na anasoma vizuri. Taratibu anakuomba radhi, ingawa sijui kwa lipi.

Baba naye anakusalimu. Amenikuta hapa naandika, akadhani ni ile barua ya shukrani anayonihimiza tangu Jumanne: mwambie mdogo wako gari limefika, linakwenda vizuri, ahsante sana. Hakuwa na miwani. Akaniuliza kama ndivyo nilivyoandika. Nikamwambia ndiyo, Baba. Akachukua kalamu akatia sahihi yake hapo chini, ile yenye mkia mrefu, bila kuuliza zaidi. Ni mara ya pili anatia sahihi kwa neno langu. Ile karatasi iliyo chini ya redio bado hajaigusa.

Mungu akufungulie njia, akufikishe kabla ya tarehe thelathini.

Mimi dada yako, nikupendaye hata leo.

Na sahihi hii ni ya Baba.