Buluu Upande wa Kushoto

Dar es Salaam

Mama yangu, shikamoo.

Ukipata karatasi hii kaa kwanza, na Kaka Saidi akusomee yote bila kuruka. Mdogo wako yuko hai, uvimbe wa tumboni umetolewa, na jana alikunywa uji. Hapo Kivinje hamjambo? Goti lako je? Mimi mzima, ila siku ya upasuaji sitaisahau.

Unajua udresa wangu, kazi ya kuwasaidia madaktari: kwenye chumba cha upasuaji mimi ndiye ninayezungusha mkono wa chuma, kitanda kiiname au kinyooke. Siku ile aliyelala juu yake ni Mama Mdogo mwenyewe, kichwa chini, miguu juu, ili matumbo yasogee yampishe daktari. Uvimbe ulipotoka, daktari akaingiwa na hofu. Kumbe, Mama, kila mtu ana mirija miwili myembamba inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni, nayo inapita hapo hapo panapokatwa! Mmoja ukikatika bila kujulikana, figo inakufa, na mwenyewe huenda akafa. Basi Mama Mdogo akatiwa mshipani dawa ya buluu, ya kuupa mkojo rangi, daktari akachungulia kibofuni kwa bomba lenye taa. Mrija wa kulia ukatema buluu. Wa kushoto, kimya.

Tukangoja, wapi!

"Nimeukata," daktari akasema, akaagiza visu upya aufuate mrija hadi kwenye figo.

Si ulinikabidhi mdogo wako mkononi? Hapo nikaukumbuka mchirizi wetu wa bati unaoteremsha mvua pipani, siku uliponichapa ukidhani nimeutoboa kwa kuwa pipa lilikuwa kavu. Kumbe mchirizi ulikuwa umeinamia kwingine, maji yamesimama humo humo.

"Bwana daktari, nikilaze kitanda sawa kwanza?"

Alinikata jicho hilo! Kisha akasema, "Haya, upesi."

Nikazungusha. Kitambo kidogo, buluu hiyo, upande wa kushoto, fyuu! Daktari akaketi.

Baadaye nilimwuliza: ni mwinamo, au mrija ulikuwa unachelewa tu? "Sijui," akasema. Daktari mzima, hajui! Sasa kila dawa hiyo ikitiwa nakodoa macho, nataka kujua.

Mama Mdogo alipoona chupa ya mkojo wake alipiga ukelele: "Wee mwana, mmenitia wino?" Nilicheka huku machozi yananitoka.

Nisalimie shangazi, na jirani yetu muuza samaki. Nasikia Baba Mdogo kule Miteja alishanunua sanda. Mwambie aishone kanzu, aje nayo kumpokea mkewe.

Ni mimi mwanao uliyemchapa bure,
Bakari