Halaya ya Pakiti

Mandaue, 3 Novemba 1997

Kwako Nanay, mama yangu,

Naushika mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu kwa heshima. Hamjambo? Mimi mzima, ila kiwandani tunasimama kutwa. Jirani yenu Nilda kaniambia uliteleza ukavunjika mkono wa kulia, na kwamba baba yangu Tatay, tangu apate kiharusi, hataki chakula kingine ila halaya yako tamu ya kiazi kikuu, unayoikoroga hadi iwe nzito. Nakutumia unga wa kiazi kikuu cha zambarau, huu tunaoufunga sisi. Maji moto, maziwa ya kopo, unakoroga kidogo tu, halaya tayari. Usianze kununa.

Mwanao, Jovelyn

Panglao, 12 Novemba 1997

Mwanangu,

Tupo, tunajikongoja. Pakiti nimezipata, nimezifungia kabatini. Kwetu hapa kiazi kikuu kikianguka tunakiokota na kukibusu, wewe unaniletea vumbi lake. Nitakoroga yangu kwa mkono wa kushoto.

Nanay wako

Mandaue, 10 Desemba 1997

Nanay,

Hali yako? Na Tatay je? Nimeandika tena, kimya. Kama ni hasira za pakiti, zitupe, unisamehe. Niambie tu kama bado anakula. Nimeomba ruhusa ya Krismasi, msimamizi hajajibu.

Jovelyn wako

Panglao, 18 Desemba 1997

Mwanangu,

Natumai u mzima. Sina hasira, nilikuwa naona aibu. Mkono wa kushoto ulinishinda. Sufuria ilipinduka, halaya yote sakafuni, na baba yako alikuwa hajatia kitu tumboni tangu juzi yake. Ndipo nikafungua kabati, nikakoroga unga wako.

Rangi yenyewe ilinitisha. Nikamlisha nikingoja aiteme. Akameza. Maneno siku hizi yanamtoka kwa shida, lakini akasema, "Hii si yako."

Nikamwambia ni ya Jovelyn.

"Yako tamu zaidi," akasema. "Ila ukipika yako, nakula peke yangu."

Ni kweli, mwanangu. Miaka yote mimi niko jikoni nakoroga, jasho linanitoka. Nikifika mezani, yeye kamaliza. Akanisogezea sahani kwa ule mkono wake mzima, akanipa kijiko. Tukala kwa zamu. Kisha akasinzia, kichwa begani kwangu, na vyombo sikuinuka kuviosha.

Ukiruhusiwa, njoo. Ukitukuta tumekaa tu, usishangae.

Nanay wako