Nilivyomwokoa Kabula Asiyepotea

Pelagia, leo nimejiaibisha, mwenzangu!

Kabula, mjukuu wangu, alikuwa kwenye ukumbi wa Chemchem akijaribiwa kupiga tarumbeta na bendi ya jazi. Akaanza wimbo wetu wa kanisani, vizuri kabisa. Mara akauacha, tarumbeta ikashika njia yake!

Nikadhani amesahau. Nikasimama nikamwimbia kwa sauti, kama tunavyowaokoa wapulizaji wetu kanisani. Pelagia, mimi huyu! Nikasimama!

Mama wa pembeni akanishika mkono taratibu: “Bibi, hajapotea. Jazi ndivyo ilivyo, mpulizaji hubuni yake palepale.” Nikatamani ardhi inimeze.

Kabula hakukasirika. Akashusha sauti ya tarumbeta, nami nikaendelea kuimba, akanifuata mpaka ubeti wa mwisho.

Wamemchukua! Mkuu wa bendi kasema, “Wapulizaji tunao. Anayesikiliza hivi hatuna.”

Njiani Kabula kaniambia, “Bibi, siku nyingine nikipotea, niache kidogo.”