Kompaila Mpya Imenipa Cheo, Sasa Mayai ya Watu Yako Hatarini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapasuka, na tafadhali usinicheke, au cheka tu lakini ukimaliza unijibu.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, shule niliiacha kidato cha pili, tuseme tuliachana kwa maelewano, ila kwenye kompyuta niite bingwa tu, mtaani kwetu simu ikikwama wananitafuta mimi kwanza. Nafanya kazi kwenye karakana ya shangazi yangu, tunatengeneza mashine za kutotolesha vifaranga, lile sanduku la joto linalofanya kazi ya kuku bila kelele za kuku. Ndani yake mna ubongo mdogo unaopima joto na kugeuza trei za mayai, na ubongo huo lazima uandikiwe programu, sisi tunaiandika kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma, halafu kompaila, ambayo nayo ni programu, inayageuza yawe lugha ya mashine, na bila hiyo kompaila umemwandikia barua asiyejua kusoma.

Kompaila yetu ilikuwa toleo la nne. La nne, mshauri! Ukikosea linasema "kosa, mstari wa 212" kisha linanuna kama mkwe aliyenyimwa kiti. Mwenye kulijua ni fundi mkuu wetu, ninayemwita Mzee Taratibu, maana hata kikombe cha chai anakiweka mezani kwa awamu.

Basi siku moja mzee hayupo, kompyuta ikaniandikia kwamba toleo la tisa limetoka, siku thelathini za majaribio ni bure, nikabonyeza. Wee! Makosa linakuonyesha kwa rangi, linakuuliza kwa adabu "je, ulitaka kuandika hivi?", neno hujalimaliza limeshakumalizia, na juu ya yote linapitia programu nzima na kutupa kila kisicho na kazi ili programu iwe ndogo na ikimbie. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Lilitaka kujua nani anakubali masharti kwa niaba ya karakana, nikaweka jina langu, penye cheo nikajaza Mkurugenzi wa Ufundi, penye idadi ya mafundi nikajaza arobaini (tuko wanne, ukimhesabu mlinzi), likauliza lifute toleo la zamani, nikasema futa, takataka ya nini, na masharti yenyewe kurasa kumi na tisa niliyapitia kwa kidole mpaka chini palipoandikwa "Nakubali".

Nikaipitisha programu ya mzee humo. Ikatoka nusu ya ukubwa! Sikugusa hata herufi moja, lakini mdomo wangu huu hauna breki, kesho yake nikamwambia shangazi mzee akiwa palepale, "Shangazi, ile programu nimeikata nusu na sasa inakimbia kama swala."

Shangazi akapiga makofi. "Mwanangu wewe! Fundi, umesikia?"

Mzee akavua miwani. "Umekata wapi?"

"Palipokuwa na uzembe, mzee wangu."

"Kila nilichoandika mle kina sababu."

"Sababu za enzi zile, mzee, siku hizi vitu vinakwenda mbio."

Mlinzi akacheka, shangazi akacheka, mimi ndiyo usiseme. Mzee akafunga daftari lake, akasema, "Haya mkubwa, endesha," akaenda zake nyumbani, na leo wiki nzima hajarudi. Shangazi akanipa meza ya mzee, kila mteja akiingia ananitambulisha kama fundi mkuu, na mimi sikukataa, ningekataaje mshauri, kiti kinazunguka!

Juzi nikajaribu programu kwenye mashine moja, trei nikazijaza mipira ya tenisi ya mezani badala ya mayai. Kazi ya trei ni kuinama polepole, upande mmoja, baadaye upande wa pili. Nikawasha. Trei zilipepeta kama mtu anayekimbizana na mvua na mchele bado uko nje! Mipira ikaruka hadi darini, mmoja ukanipiga jicho. Shangazi akachungulia. "Unacheza?" Nikamwambia, "Napima uimara, Shangazi." Akasema, "Ndiyo maana nakupenda."

Nilikaa na maandishi ya mzee mstari kwa mstari nikagundua. Kati ya hatua moja ya trei na nyingine, mzee aliiambia mashine ihesabu mpaka elfu hamsini, hesabu yenyewe haitumiki popote, ni ya kupitisha muda tu ili trei ishuke kwa upole. Toleo la tisa likaona hesabu isiyo na faida, likaifyeka. Nikaandika ihesabu mpaka laki moja, likafyeka. Milioni, likafyeka, na kuniandikia, "Sehemu hii haina athari, imeondolewa."

Sasa mwisho wa mwezi mashine kumi na mbili zinakwenda kwa mama mmoja aliyeacha kazi ya ofisini ili afuge, mayai ameshayaagiza. Nikitaka kurudi toleo la nne, diski na namba ya leseni anavyo Mzee Taratibu nyumbani kwake. Nikisema ukweli, kiti kinakwenda. Nikinyamaza, mama wa watu atapata uji badala ya vifaranga. Nifanyeje?

Ni mimi, Mkurugenzi.

JIBU

Mkurugenzi wa mafundi arobaini, shikamoo.

Nimecheka, uliniruhusu. Na furaha yako siilaumu hata kidogo, kijana anayechekea kazi yake peke yake ana heri kuliko anayeilalamikia. Lakini umechukua sifa ya kazi ambayo hukuifanya, ukaitumia kumwaibisha mtu mzima mbele ya watu. Hilo si kosa la kompaila.

Mambo yenu ya kompyuta siyajui, kwa hiyo nilimsomea barua yako mpwa wangu, binti anayeandika programu za lifti. Aliomba dakika mbili za kucheka. Kisha akasema toleo jipya halijakukosea, limefanya kazi yake, ila kusubiri hakuandikwi hivyo tena: ule ubongo una saa yake ya ndani, iambieni programu isubiri kwa saa hiyo na hakuna kompaila itakayoifyeka. Akaniuliza pia kama umesoma ukurasa wa leseni ya majaribio, maana nyingi zinakataza kuuza kitu kilichotengenezwa nayo. Umeusoma? Najua jibu. Yaani huenda hata trei zingeinama kwa adabu, mashine hizo msingeweza kuziuza.

Sasa sikiliza. Mwambie shangazi yako leo, kabla hujakaa kwenye hicho kiti: "Sikuikata mimi, ilikatwa na toleo jipya, na imeharibika." Mwonyeshe na mipira. Atafoka, mwache afoke, karakana ni yake.

Ukitoka hapo nenda kwa mzee. Kwa miguu, si kwa simu, na utani uuache mlangoni. Mwombe radhi, halafu mwulize kila mstari aliuandika kwa nini, naye umwonyeshe zile rangi za toleo la tisa. Mpwa wangu anasema matoleo mawili yanaweza kukaa kwenye kompyuta moja bila kugombana. Nyinyi wawili mtashindwa?

Waandikie wenye kompaila, sahihisha hao arobaini, uliza mwenye leseni ya zamani anapandaje toleo jipya kihalali. Atie sahihi shangazi. Mashine zote kumi na mbili ziinamishe mipira mchana kutwa, mzee akiangalia, ndipo mkabidhi.

Kama siku hazitoshi, shangazi ampigie mama huyo amwambie asiyapokee mayai bado. Ameacha mshahara wake akaliamini sanduku lenu, ana haki ya kujua kabla hajaweka yai la kwanza.

Cheo kitakwenda, ndiyo. Ukibaki hapo karakana chini ya mzee, miaka michache utakipata kingine, na hicho hutakijaza mwenyewe kwenye fomu. Haya, inuka.